Boneti ya Katekista

Wiki nzima Mzee Baltazar amekaa hewani.

Si kosa langu. Gazeti hutoka mara moja kwa wiki, na gari lililoacha barabara toleo lililopita haliwezi kutua kabla ya toleo hili. Msomaji mmoja wa Litumbandyosi ametuma mtu kuuliza kama mzee amekula huko juu. Hajala. Ale kwa mkono upi, na yote miwili imeshika usukani? Usukani wenyewe umeshang'oka, hauongozi kitu, lakini Baltazar bado hajaambiwa.

Kwa wale ambao ukurasa wa wiki iliyopita walifungiwa maandazi, nitasema upesi.

Tangu iruhusiwe kila mwenye gunia na kamba kununua kahawa, Mbinga imepata matajiri wa aina mbili: wanaoiuza na wanaoinunua. Baltazar ni wa aina ya kwanza. Alivuna vizuri, na badala ya kuezeka upya nyumba akanunua Kotina kuukuu, iliyowahi kukimbia mashindano enzi ambazo Kotina ilikuwa Kotina. Akaipaka zambarau, akaiita Askofu. Paroko akakasirika. Gari likashushwa cheo, likawa Katekista.

Glorious ni wa aina ya pili. Ametoka Dar es Salaam kununua kahawa, mahindi, maharage na chochote kisichoweza kukimbia. Yeye ana Datsani ya mashindano, nayo kuukuu, iliyopewa sura mpya huko mjini: pua ndefu, mkia wa mbayuwayu, madigadi yaliyovimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Jina lake Soko Huria. Mbele inang'aa, chini haina sakafu. Wingu likionekana hata la ukubwa wa kitambaa, Glorious hukimbia kuifunika turubai. Fundi wake alimkataza isiguse maji. Alisema rangi ni ya kigeni, haijazoea.

Wanaume hawa wawili walikaa kilabuni, wakabishana gari la nani ni gari, na ubishi ukazaa dau. Baltazar aliweka shamba la ngolo lililoko kwenye mteremko juu ya Ngumbo. Glorious aliweka mizani yake ya kununulia, ile ambayo gunia hupanda likiwa na afya na kushuka limekonda. Mwendo: kutoka Mbinga mjini mpaka ufukweni Ngumbo. Na kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameandika jina la gari lake kwenye boneti kwa herufi kubwa, na kila mmoja alitaka lake ndilo lilowe kwanza, waliapa mbele ya kilabu kizima: boneti itakayotangulia kugusa maji ya ziwa, hiyo ndiyo mshindi.

Kiapo hicho kishikeni. Wenyewe kiliwatoka pamoja na pombe.

Jambo moja dogo. Shamba si la Baltazar. Ni la mkewe Emerensiana, aliloachiwa na mama yake. Na Emerensiana hajaambiwa.

Haya. Tumshushe mzee.

Katekista alitua katikati ya shamba lile lile kwa kishindo kilichowafanya watu wa Ngumbo, chini kabisa, wadhani meli imewahi.

Mtu wa tambarare atasema huo ndio mwisho wa hadithi. Mtu wa tambarare hajui ngolo. Mteremko wote umechimbwa mashimo, shimo na kingo zake, shimo na kingo zake, toka juu hadi chini, ili mvua ikinyesha maji yasishuke ziwani na udongo wetu mgongoni. Mashimo hayo yamekamata mvua za bibi zetu. Siku hiyo yalikamata Kotina. Kila gurudumu lilipata shimo lake, likaketi.

Gari lilisimama. Bodi ikaendelea na safari.

Madigadi yalitangulia. Milango ikafuata. Paa liliruka, likageuka, likamfunika fundi aliyekuwa kiti cha pembeni akimsomea bosi wake kona.

Fundi huyo ni Salvatory, mchonga mitumbwi wa Ngumbo, aliyegundua kwamba magari huharibika mara nyingi kuliko mitumbwi, akahamia kwenye magari. Baltazar alimwambia, "Punguza uzito." Salvatory akapunguza. Paa la chuma leo limefunika choo cha jirani na halivuji. Mlango wa kushoto unafunga banda la kuku, na kioo chake bado kinashuka. Mahali pa chuma aliweka mbao. Nyufa zote aliziziba kwa puti ya kwao ziwani: unga wa muhogo uliosongwa mgumu, ukatiwa utomvu, ukapakwa rangi.

"Puti ya dukani hupasuka," alimwambia Baltazar. "Hii hata njaa ikija, tunayo."

Sasa vumbi la muhogo lilikuwa linatua taratibu juu ya shamba. Na juu ya shimo la tatu, jembe mkononi, alisimama Emerensiana.

"Baba Urbani," alisema. Urbani ni mtoto wao wa kwanza. "Umekuja. Nilikuita kukata majani tangu wiki ile."

Kwenye ngolo mwanamume hukata majani na kuyapanga, mwanamke hufukia. Mwaka huu Emerensiana alikata, akapanga, akafukia, na mumewe alikuwa anafunga taa za nyuma.

"Mama Urbani, nisaidie. Springi ya kiti imenishika suruali."

"Springi ina bahati. Mimi nimeshindwa kukushika tangu msimu wa kahawa."

"Nimeumia!"

"Wapi?"

Baltazar akajipapasa. Hakupata mahali.

"Salvatory yuko wapi?" Emerensiana akauliza.

"Niko hapa, mama. Shikamoo." Sauti ilitoka chini ya mbao.

"Marahaba. Hapa ni wapi?"

"Sijui, mama. Kuna giza na kunanukia ugali."

Walionusa ugali hawakuwa wanadamu tu. Mbuzi wa Emerensiana, waliofungwa pembeni, walikata kamba kwa heshima na taadhima wakaja kumwangalia mgeni. Beberu alilamba digadi la kulia. Akafikiri kidogo. Akaanza kula.

"Mama Urbani! Mbuzi wanakula gari!"

"Waache. Ni kitu cha kwanza gari hilo kufanya kwa ajili ya nyumba hii."

Hapo ndipo honi ilipolia barabarani juu.

Soko Huria ilisimama ukingoni, safi kama sahani ya harusi. Glorious alishuka, akafuta viatu kwa leso, akachungulia chini. Alimwona Kotina bila bodi, mzee bila gari, na mbuzi wakitafuna. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekaribia. Shamba zuri hili. Tatizo mashimo. Nitayafukia yote, nisawazishe, nijenge ghala."

Emerensiana aligeuka polepole.

"Utafukia mashimo ya shamba la nani, mwanangu?"

"Langu, mama. Yaani, jioni hii litakuwa langu. Kwani mzee hakukuambia?"

Baltazar alipatwa na kikohozi ambacho hakuwa nacho.

"Hakuniambia nini?"

"Tumeshindania. Mimi mizani, yeye shamba. Kilabu kizima kilisikia. Labda mzee alitaka kukushtukiza." Akaangalia tena lile gari lililokwisha. "Naona amekushtukiza."

 Emerensiana alimgeukia mumewe, aliyenaswa suruali kwenye springi.

"Baba Urbani. Ni kweli?"

"Lilikuwa dau la maneno tu, mama."

"Na gari limeruka pale juu kwa maneno tu?"

"Nilijua nitashinda!"

"Umeweka shamba la mama yangu. Mbona hukuweka shamba la mama yako?"

"La mama yangu lina kahawa!"

Hata beberu aliacha kutafuna.

Glorious alirudi garini akipiga mluzi. "Msigombane, wazee wangu. Mimi sina haraka. Nitasimama vijijini nimfute vumbi mtoto huyu, niingie Ngumbo aking'aa. Mpiga picha ananisubiri." Akatia moto, akaondoka pole pole, kama anayepeleka mayai.

Emerensiana aliinua jembe. Baltazar alifumba macho, akaanza Salamu Maria, akakosea katikati. Jembe lilishuka, likakita kwenye udongo kando ya gurudumu, likabaki limesimama. Emerensiana akaketi ukingoni mwa shimo.

"Mwaka ule mvua ilipokataa," alisema, na hakuwa anasema na mtu, "mahindi ya watu wote yalinyauka. Mashimo haya yalikuwa bado na unyevu. Mama alitulisha sisi na watoto wa majirani. Alinionyesha kila shimo, akaniambia, usimpe mtu asiyejua kwa nini lilichimbwa." Akamwangalia mumewe. "Nikaolewa na wewe."

 

Wakati huo Salvatory alikuwa ametoka chini ya paa, mweupe wa muhogo kama mzimu wa mashine ya kusaga. Fundi ni fundi. Kabla ya kujiuliza kama mifupa yake ipo, aliuliza kama mbao zake zipo.

"Milango ile pale. Madigadi yanaliwa. Paa lipo. Boneti..." Akajikuna kichwa. "Aa, boneti si iliondoka asubuhi, bosi. Pale darajani."

"Achana na boneti!" Baltazar alifoka. "Tumeshindwa, boneti ya nini?"

"Iliondokaje?" Emerensiana aliuliza.

"Upepo, mama. Niliifunga kwa mpira wa baiskeli. Upepo ukaingia chini yake, ikapaa, ikaangukia mtoni."

"Ikazama."

Salvatory alisimama wima. Unaweza kumwambia fundi huyo kwamba ameua gari, atacheka nawe. Hili lilimchoma.

"Mama! Mimi nachonga mitumbwi. Boneti ile niliichonga kwa gogo moja, nyembamba, pua juu. Izame imekuwa chuma?"

Emerensiana aliondoka ukingoni.

"Baba Urbani. Mliapa nini kilabuni? Neno kwa neno."

"Tuliapa... boneti itakayotangulia kugusa maji ya ziwa, hiyo ndiyo mshindi."

"Boneti."

"Ndiyo."

"Hamkusema gari."

"Tulisema bon..." Baltazar aliacha kuivuta suruali kwenye springi.

"Salvatory, mto wa pale darajani unaingia ziwani wapi?"

"Ngumbo, mama. Nimeogelea mdomoni mwake utoto wangu wote. Na mvua hizi za Aprili, mto unashuka kama umeitwa."

"Na nyinyi tangu asubuhi mlikuwa wapi?"

Nani asiyekumbuka? Baada ya daraja magari yote mawili yaliukuta msiba. Jeneza lilikuwa begani, waombolezaji wamejaa barabara. Kwetu hakuna mtu anayempita maiti, hata awe anashindania nini. Basi Katekista na Soko Huria walitambaa nyuma ya jeneza kijiji baada ya kijiji mpaka jua likafika utosini, na bibi mmoja, aliposoma jina ubavuni mwa Kotina, akauliza mbona katekista haongozi sala.

Barabara ilifiwa. Mto haukufiwa na mtu.

Emerensiana alijifunga kanga kiunoni, akavua malapa, akayashika mkononi.

"Twende."

"Na mimi?" Baltazar alilia. "Mama Urbani! Na mimi?"

"Wewe lisha mbuzi."

Akateremka. Barabara ya magari inazunguka mlima kama mtu asiyetaka kufika. Njia ya wanawake wanaokwenda kununua samaki inashuka moja kwa moja. Salvatory alimfuata akianguka na kuinuka, akiacha muhogo kwenye kila kichaka.

Tuwaache hapo, tuwahi ufukweni.

Mwamuzi wa Ngumbo alikuwa Mama Herieth, muuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu, Mwanglikana wa kuzaliwa. Waliapa Wakatoliki wawili, na kila mmoja alikataa shahidi wa parokia ya mwenzake, ndipo wakaona afadhali wamtafute mtu ambaye hatajali nani anashinda. Na kweli hakujali. Alikuwa anageuza samaki wake juani, akiwafukuza kunguru na kuwatukana wavuvi, yote kwa pumzi moja.

Soko Huria iliteremka mchangani inameta. Glorious alisimama juu ya kiti, kichwa nje, akapaza sauti:

"Mashahidi! Kiapo ni hiki: boneti itakayotangulia kugusa maji ya ziwa, hiyo ndiyo mshindi! Boneti, jamani, si kingine! Mpiga picha, upo?"

Mpiga picha alikuwepo.

Datsani ilijongea, pua ndefu mbele. Wimbi la kwanza likailamba. Wimbi la pili likapanda mpaka kwenye herufi za SOKO HURIA. Watu wakashangilia, kwa maana watu wa Ngumbo hushangilia chochote kinachoingia majini kwa hiari yake. Mama Herieth akainua mkono wenye magamba ya samaki ili atamke.

"Ngoja!"

Emerensiana alitokea kwenye mihogo, miguu ina matope mpaka magotini, kifua kinapanda na kushuka.

"Wewe nani, mama?"

"Mwenye shamba."

Watu wakageuka.

"Boneti ya Katekista imeshafika," alisema.

Glorious alicheka. "Imefika na nani?"

"Peke yake. Haikuona sababu ya kungoja wanaume."

Watu wakatazama majini. Mitumbwi, nyavu, bata wa mtu. Hakuna boneti. Glorious akamwonyesha mpiga picha upande wake mzuri. Emerensiana aliutazama ufukwe kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yalikuwa ya mtu aliyepoteza.

Salvatory alifika akihema. Yeye hakutazama majini. Alitazama vichanja vya samaki, kwa jicho la mtu anayeijua kazi yake hata ikiwa imevaa nguo za mwingine.

"Mama Herieth, shikamoo. Kichanja hicho kipya amekuchongea nani?"

"Marahaba, na usiangalie kichanja changu! Mtumbwi wa mume wangu unavuja tangu ukimbilie magari."

"Kina pua."

"Kina pua ndiyo, ili maji ya samaki yashuke."

"Kina zambarau pembeni."

Mama Herieth akakaa juu ya kona yenye zambarau.

"Ziwa limenipa," alisema. "Kitu kilichotupwa na ziwa ni cha aliyekiokota. Uliza mtu yeyote hapa."

Emerensiana hakuuliza mtu. Alikwenda, akasogeza usipa kwa kiganja. Ikaonekana K. Akasogeza tena. A. Kisha T.

"Mikono ina udongo hiyo! Samaki wangu!"

E. K. I. Watu walianza kusoma kwa sauti, kama darasa la kwanza. Walipofika A ya mwisho, Glorious alikuwa ameshuka garini, suruali imelowa.

"Ubao huo umefika sasa hivi!" alisema. "Baada yangu! Nani aliuona ukiingia? Nani?"

 Aliyeuona alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameukalia.

"Mama," Emerensiana alimwambia Herieth kwa upole. "Magari yalifuata msiba mpaka adhuhuri. Usipa hawa umewaanika saa ngapi?"

Mama Herieth alimtazama. Akautazama ubao, mpana, laini, wenye pua ya kumwaga maji, kichanja ambacho hajawahi kuwa nacho tangu aolewe. Haki ni kitu kizuri, lakini haina mahali pa kuanikia samaki.

"Kwanza niambie," alisema. "Ubao huu ukishinda, unakuwa wa nani?"

"Wako."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Mimi nimefuata shamba. Mbao nitapata nyingine."

Mama Herieth aliokota usipa mmoja, akamwinua juu kwa vidole viwili, watu wote wamwone. Akamvunja.

Kak!

Wanawake wa Ngumbo waliguna kwa pamoja. Usipa wa jua dogo hupinda. Usipa anayelia hivyo ameonja jua tangu asubuhi.

"Wakati ubao huu unatoka majini," Mama Herieth alisema, "huyu kijana alikuwa bado kwenye msiba wa watu. Katekista ameshinda. Shamba libaki kwa mwenyewe."

"Haiwezekani!" Glorious alipiga mguu majini. "Boneti bila gari si kitu!"

"Umetutangazia mwenyewe hapa. Boneti, jamani, si kingine."

"Basi hata mimi ninayo boneti! Ile pale, tazameni, ime..."

Akageuka.

Pua ya Soko Huria ilikuwa imelala. Ilikuwa inainama polepole, kama mlevi anayesujudu. Rangi ya kigeni ilivimba, ikapasuka, na chini yake ikaonekana ile plastiki ngumu ya faiba aliyosifiwa Dar es Salaam: karatasi za mifuko ya saruji, tabaka juu ya tabaka, zimegandishwa kwa gundi. Madigadi yalinywea. Mkia wa mbayuwayu ulidondoka, ukaelea, bata wakaufuata. Ilibaki injini, buti, waya, na dereva.

Siku hizi madukani kila kitu kipo, isipokuwa chenyewe.

Mama Herieth alijikinga jua kwa mkono, akatazama vizuri.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Yako haikugusa maji. Imekuwa maji."

Kicheko kilianzia kwa wanawake wa usipa, kikapita kwa wavuvi, kikamfikia mpiga picha, ambaye picha zake zote zilitoka zikitikisika.

Emerensiana peke yake hakucheka. Aliketi mchangani, akainua macho mlimani. Hakuwahi kuketi akalitazama shamba lake kutoka chini. Mashimo yote yalikuwepo, safu kwa safu, ameyachimba mama yake, ameyachimba yeye. Katikati kulikuwa na doa la zambarau. Kila alipotazama, doa lilikuwa limepungua kidogo. Mbuzi walikuwa kazini.

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akasimama.

"Na mizani?"

"Mizani gani, mama?" alisema Glorious.

"Uliyoweka dau. Mume mtarajiwa wa shamba langu ulikuwa wewe. Posa imekataliwa, ila mahari naichukua."

"Mama yangu, chukua gari."

"Gari gani?"

Watu wakacheka tena, lakini si wote. Nyuma walikuwa wamesimama wakulima kutoka mlimani, walioshuka kutazama mashindano, na kila mmoja wao alikuwa ameshapandisha magunia yake kwenye mizani ile. Hao walikuwa wamesogea mbele.

"Iko kwenye buti la Datsani," Salvatory alisema. "Asubuhi nilimsaidia kuipakia. Nzito kuliko inavyoonekana."

"Nzito kwa nini?" akauliza mkulima mmoja.

"Hata mimi nilijiuliza."

Mama Herieth alifunga kanga upya. "Itoeni. Nina gunia la usipa lililopimwa misheni jana. Tutaona mizani hii nayo inasemaje."

"Hakuna haja!" Glorious alisema. Sauti ilikuwa imempanda. "Ni mizani ya kawaida tu! Nitawaletea nyingine, mpya, bado ina nailoni!"

Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu wakati huo wimbi kubwa lilipita chini ya Soko Huria, likaingia pale pasipo na sakafu, na gari likaanza kuteleza kwenda ziwani, buti likifuata.

"Kamba!"

Kamba ya nyavu ilifungwa kwenye bampa ya nyuma. Wavuvi wakashika, wakulima wakashika, Mwanglikana nyuma ya Mkatoliki, Emerensiana mbele yao wote. Wakaanza ule wimbo wa kuvutia mitumbwi. Wakavuta. Gari likaja kidogo, likarudi. Wakavuta tena. Likaja, likarudi zaidi.

"Lina nini gari hili?" Salvatory alifoka. "Halina hata bodi!"

Mama Herieth aliacha kamba, akaingia majini mpaka magotini, akazunguka kuchungulia upande wa ziwa.

Ngumbo nzima ilikuwa inavuta gari litoke. Glorious alikuwa mbele ya injini, maji yamemfika kifuani, ameikumbatia bampa kwa mikono yote miwili, anavuta lizame.